Hamsini Kasoro Kidogo

12 Februari

Baba Chiriku mpenzi,

Salamu za mwanzo wa barua zihesabu zimefika zote, maana karatasi ninazo mbili tu na mengi ya kusema ninayo. Sisi wazima. Chiriku ameng'oka jino la mbele na bado hanyamazi, sasa anaongea huku anapuliza.

Nimechukua fomu ya uhamisho. Ni mara ya tatu, na karani wa ofisini, yule mama anayefunga miwani yake kwa kamba, alinionya kabla sijakaa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Wamebadili utaratibu. Mume na mke walio walimu wanaruhusiwa kuomba kituo kimoja mara tatu. Ya tatu ikigonga mwamba, wanakaa miaka mitano ndipo waombe tena. Miaka mitano, mume wangu. Chiriku atakuwa na kumi na mitatu. Uliondoka ana miwili, na tangu hapo anakuona siku kumi za likizo ya mwisho wa mwaka. Kila ukija, siku tatu za kwanza anakupa shikamoo tu, halafu ananifuata jikoni kuniuliza kama yule baba atalala hapa.

Sharti ni moja. Darasa langu la nne lipate wastani wa 50.0 katika mtihani wa hisabati unaotungwa na ofisi, mwisho wa Machi. Na muhula huu wote ni thamani ya nafasi na desimali. Jana niliandika ubaoni 0.4 na 0.35, nikauliza ipi kubwa. Watoto arobaini na wanane, mikono arobaini na saba juu: 0.35! Kwa nini? "Kwa sababu thelathini na tano inaizidi nne, mwalimu." Wa arobaini na nane alikuwa amelala. Hata Bibi Kizee, yule msichana wangu anayekunja mikono kama mama mkwe na kupata sabini kila mtihani, alinishangaa kwamba nauliza jambo la wazi hivyo.

Nilikaa ofisini kwa walimu nikashika tama. Sitaki kujidanganya, sioni tutakavyofika. Lakini wewe ndiye fundi wa namba nyumba hii. Nipe maarifa.

Nasikia mkuu wako bado anafungua barua za walimu kabla hazijawafikia. Mkuu, kama unasoma, shikamoo.

Mkeo,
Mama Chiriku


27 Februari

Mama Chiriku, moyo wangu,

Mkuu ameitika, marahaba. Amesema pia mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, nami nimemeza hasira.

Sikia. Kwanza wakataze kusema "sifuri nukta thelathini na tano". Wakisema hivyo umekwisha, wanaiona thelathini na tano kamili imesimama pale. Waseme "sifuri nukta tatu tano". Pili, tafuta karatasi, uziungeunge mpaka upate ukanda wa mita moja. Huo ndio mzima. Wakate vipande kumi vilivyo sawa, hizo ni sehemu za kumi. Kipande kimoja wakikate tena kumi, hizo ni sehemu za mia. Sasa walaze sakafuni vipande vinne vya kumi, na pembeni yake vitatu vya kumi na vitano vile vidogo. Usiseme neno. Waache watazame wenyewe.

Tatu, chora nyumba kwa chaki uwanjani: mamia, makumi, mamoja, halafu jiwe liwe nukta, halafu sehemu za kumi na sehemu za mia. Kila mtoto ashike tarakimu yake asimame ndani. Nyumba isiyo na mtu mpe mtoto wa sifuri aishike, isibaki wazi, maana ikibaki wazi majirani watahamia.

Mimi hapa ni yaleyale. Mwenzangu wa darasa la tano amekwenda kwao kutibiwa na hajarudi, kwa hiyo ubao nimeugawa kwa mstari katikati, la nne kushoto, la tano kulia, nami natembea kama mlinzi. Watoto wameniita Wino. Juzi bwana afya alibandika tangazo la chanjo ya tarehe 31 Aprili. Nilishindwa kupita. Nikalisahihisha kwa wino mwekundu hapo hapo ukutani, naye amenuna mpaka leo.

Unajua kwa nini niko hivi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuta mwalimu aliyenitangulia amewaongezea watoto alama ili ajisifu. Watoto thelathini na mmoja wakapandishwa kwenda shule ya juu, hawawezi kusoma 0.4. Wote wakarudishwa ndani ya muhula mmoja. Niliwaona wanashuka kwenye gari na masanduku yao. Wengine hawakurudi tena darasani, wakaona shule si yao.

Basi fundisha, mke wangu, nukta kwa nukta. Jioni nikimaliza kazi nakaa mlangoni nikiwaza siku nitakayoteremka hapo kwako na godoro langu, Chiriku anibebee kandambili. Mbusu, jino lile anitunzie.

Mumeo,
Wino


10 Aprili

Mume wangu,

Ukanda wa karatasi umefanya kazi. Nilinyamaza kama ulivyoniagiza, na katikati ya ule ukimya Bibi Kizee akakunjua mikono, akasema, "Kumbe ile tatu tano ni ndogo! Tulikuwa tunadanganywa na urefu wake!" Wenzake wakamgeukia kama aliyefungua dirisha. Wiki hiyo niliwapeleka uwanjani kwenye nyumba zako za chaki. Mtoto wa sifuri aligoma, eti yeye hana thamani, nikamwambia bila yeye mia tano na mbili inakuwa hamsini na mbili, akasimama kifua mbele. Chiriku alitoroka darasa lake la tatu kuja kuchungulia. Nilimfukuza, lakini kwa kweli nilitaka akuone wewe pale uwanjani.

Siringi. Wako watoto kumi na tano hivi ambao hata ningewakatia karatasi mpaka mwisho wa dunia, nukta kwao ni uchafu wa kalamu tu. Wengi wanakuja na njaa. Saa nne macho yao yanaelea.

Mtihani umefanyika, ofisi imesahihisha, na matokeo yametoka. Bibi Kizee hakuwepo. Homa ilimshika usiku wa kuamkia siku yenyewe, mama yake akaja kuniambia getini huku analia. Kwa sheria ya ofisi, asiyekuwepo anaandikiwa sifuri na bado anahesabiwa.

Fomu ndiyo hii. Nimejaza upande wangu, wastani 50. Karatasi ya alama imebanwa nyuma na ofisi yenyewe, usihangaike nayo. Weka sahihi penye alama ya penseli, mkuu agonge mhuri, irudi kwa gari hili hili la vifaa. Basi. Nakuomba, tena nakuomba kwa jina la Chiriku, safari hii uwe mume wangu, usiwe mwalimu. Mengine nitakueleza ana kwa ana.

Mkeo,
Mama Chiriku


24 Aprili

Mama Chiriku wangu,

Hongera! Hongera mara mia! Nimeisoma barua yako mara nne na mkuu mara mbili. "Tulikuwa tunadanganywa na urefu wake." Mtoto huyo ana kichwa.

Sasa usinikasirikie. Uliniambia niwe mume, na mume ndiye niliyekuwa, maana mume gani atamwacha mkewe apeleke ofisini hesabu yenye kosa wamcheke? Nilijumlisha ile karatasi ya nyuma, kwa mazoea tu, chai ikiwa mkononi. Alama zote ni 2,380. Ukigawa kwa 48 unapata 49.58, na fomu inataka nafasi moja ya desimali, kwa hiyo 49.6. Wewe umeandika 50 tupu. Ulichoka, najua. Kusahihisha, kupika, mtoto, peke yako.

Nimeikata ile 50 kwa mstari mmoja safi na kuandika 49.6 juu yake, nikaweka sahihi ndogo pembeni. Lakini hapo sikuishia, mimi si mjinga! Kwenye ukingo nimewaonyesha njia. Mtoto mmoja alikuwa mgonjwa, mama yake ni shahidi, kwa haki wanafunzi waliofanya ni 47. 2,380 gawa kwa 47 ni 50.6. Umepita, mke wangu, na umepita kwa haki, na chenji imebaki. Nimepiga mistari miwili chini ya jibu. Wale ni watu wa elimu, hesabu hiyo hawawezi kuikataa.

Mkuu aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akagonga mhuri. Fomu imo kwenye bahasha ya ofisi, ndani ya gari hili hili.

Nimeanza kugawa vitu vyangu. Jiko nimempa mwalimu wa darasa la kwanza. Meza ndogo naitengeneza upya, ni ya Chiriku, aje aandikie. Nimeipiga msasa mpaka vidole vimekufa ganzi.

Mumeo anayekuja,
Wino


8 Mei

Baba Chiriku,

Barua yako imefika asubuhi pamoja na bahasha ya ofisi. Niliwaacha watoto na monita nikakimbilia ofisini. Nimefika saa tano. Bahasha ilikuwa imeshaingia kwa mkubwa wa ofisi saa nne.

Tusubiri.

Mama Chiriku


22 Mei

Mke wangu,

Mistari mitatu? Gari limekuja na chaki, daftari na mistari mitatu. Hujaniambia Chiriku yuko vipi. Ulikimbilia nini ofisini? Kama ni ile mistari yangu ya ukingoni, ilinyooka, niliipiga kwa rula.

Meza imekwisha. Nimelala karibu nayo wiki nzima, chumba kinanuka rangi. Watoto wa la nne wameniuliza kama ni kweli naondoka, nikawaambia atakuja mwalimu mwingine. Sikuwaambia lini, maana hata mwenzangu yule mgonjwa hawajamletea mbadala.

Andika. Hata kunitukana, andika.

Wino


19 Juni

Baba Chiriku,

Barua hii anakuletea bwana afya mkononi. Amekubali kwa shida, bado hajasahau tangazo lake. Kwa hiyo leo mkuu wako hayupo katikati yetu, na naweza kusema.

Majibu yametoka. "Wastani 49.6. Haukidhi. Ombi lijalo baada ya miaka mitano." Maelezo yako ya ukingoni hakuna aliyeyagusa. Asiyekuwepo ni sifuri, na sifuri inahesabiwa, wameandika hivyo kwa mstari mmoja.

Sikuchoka, mume wangu. Sikukosea kugawa. Nilijua ni 49.58 kabla wino wa ofisi haujakauka. Tulipungukiwa alama ishirini. Bibi Kizee angekuja na homa yake, akalala juu ya dawati, akaandika maswali manne, tungekuwa wote nyumba moja leo. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Karani akanifuata, akavua miwani yake, akasema, "Mwalimu, andika hamsini, nukta usiweke. Fomu ni zaidi ya mia tatu. Mkubwa anatazama ile safu moja tu, hajumlishi. Nami nitafumba macho." Mama wa watu hakuomba chochote. Alisema na yeye aliolewa na mtu wa mbali.

Wiki ile nilikuwa nafundisha kukadiria. Nilisimama ubaoni nikasema 49.6 kwa namba nzima iliyo karibu ni 50, na watoto wakaitikia. Sikumwongezea mtoto yeyote alama. Niliandika ambacho nimetoka kukifundisha. Unaweza kusema najitetea, na kweli najitetea.

Nisingeweza kukuandikia haya wakati ule, mkuu angeyasoma. Nilikuambia uwe mume, usiwe mwalimu. Nilidhani miaka kumi na mbili ya ndoa inatosha mtu kuelewa sentensi moja.

Karani amepewa barua ya onyo kwa kupokea fomu yenye wastani usio na desimali. Amehamishiwa stoo. Nilimpelekea pole, akanipokea vizuri, hilo ndilo lililoniliza. Na amenidokeza kwamba kuna barua nyingine inakuja kwako. Mkuu wako anastaafu. Wameona wino wako mwekundu, wamesema mtu anayemsahihisha hata mkewe ndiye anayefaa kupewa shule. Miaka mitano, uadilifu wako umekufunga hapo hapo ulipo.

Nina swali moja. Kama ningeweza kukuambia wazi, kila kitu, kama nilivyokuambia leo, ungeiacha ile hamsini ilivyo?

Usinijibu haraka. Bwana afya atakaa huko wiki mbili, mpe yeye jibu.

Mama Chiriku


4 Julai

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini, sakafuni. Sijui ni muda gani. Watoto walikuja kugonga, wakadhani naumwa, nikawaambia ndiyo.

Mjinga ni mimi. Ulilia kwenye karatasi mbele ya macho yangu, nami nikachukua rula. Nilidhani nakulinda. Nilidhani hesabu ikiwa sahihi na njia ikionekana, hakuna atakayekataa, maana hapa darasani ndivyo inavyokuwa. Nimeishi sana na watoto wa miaka kumi.

Barua ya ukuu imefika. Niliandika kukataa, nikaichana. Darasa la tano bado halina mwalimu, mkuu anaondoka mwisho wa mwezi, na nikikataa shule inabaki bila mkuu, walimu wawili tu kwa watoto mia mbili na kumi. Nimekubali. Najua utakavyoisoma sentensi hiyo.

Kuhusu swali lako. Nimepewa wiki mbili na nimezitumia zote. Usiku nilikuwa najibu moja, asubuhi jingine. Nilijaribu kuandika jibu unalolitaka, nikaandika kabisa, nikalitazama. Lakini sijawahi kukudanganya tangu siku ya kwanza, na kama nikianza leo sijui utakuwa umebaki na nini changu.

Nisingeiacha. Ningekuambia haiwezekani, tungegombana, tungelia, na bado nisingeweka sahihi juu ya namba ile. Nimewaona wale watoto wakishuka kwenye gari na masanduku. Si kwamba sikupendi. Nakupenda mpaka hapa nilipo sina raha ya chakula. Nisamehe.

Meza ya Chiriku nimempa bwana afya aje nayo, ameifunga nyuma ya pikipiki. Desemba nitakuja kama kawaida.

Mumeo


20 Julai

Baba Chiriku,

Meza imefika, mguu mmoja umelegea njiani, fundi ameupiga misumari. Chiriku anaipenda. Asante.

Jibu lako nililijua kabla sijauliza. Niliuliza ili uniandikie "ningeiacha". Hata kama si kweli. Ulikuwa na karatasi, ulikuwa na wiki mbili, na hapakuwa na mkuu wa kufungua bahasha wala ofisi ya kukagua. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu unikadirie kwenda juu. Ningejua ni uongo, na ningeuweka chini ya mto.

Sikulaumu. Wale watoto mia mbili na kumi wana bahati, nasema kwa moyo mweupe. Darasani kwangu nimerudi kwenye desimali tena, kwa wale kumi na tano. Jana mmoja alisoma 0.07 akasema ni kubwa kuliko 0.5. Nilimsahihisha. Kesho atasema vilevile.

Desemba usije. Si hasira. Siku kumi hizo zinanichukua miezi miwili kuzitibu, na sina nguvu za kufanya hivyo mara tano zaidi.

Chiriku nimemwambia. Sikusema fomu wala ofisi, nimesema tu kwamba baba hatahamia hapa, kazi yake ni kule. Hakulia. Akauliza kama sasa anaruhusiwa kulala upande ule wa kitanda ambao huwa tunauacha. Nikamwambia alete mto wake.

Mama Chiriku